Mkono Tulioinua Bila Kusoma



Katika nyumba nyingi za Kiislamu hapa pwani, neno chama likitajwa, mazungumzo hugeuzwa. Husemwa siasa ni uchafu, waachiwe wenyewe. Sisi hatukuwa na rai hiyo, ndipo tulipojiandikisha uanachama katika wadi yetu. Na tulipochaguliwa kuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa mwaka kule Nairobi, tulikwenda. Leo twaona ni wajibu wetu kueleza tuliyoyaona, na hasa kosa tulilolifanya.

Wajumbe wa wadi tulikuwa watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Tulipanda basi Mombasa baada ya Isha, tukafika asubuhi penye baridi. Mlangoni tulipewa beji, fulana na kofia. Ukumbini kila kaunti ilikuwa na kibao chake, na asubuhi nzima ikapita kwa nyimbo, ngoma na hotuba za sifa. Adhuhuri ilipoingia hatukuona mahali palipotengwa kwa swala. Akina mama wakatoa leso mikobani, wakatutandikia nyuma ya ukumbi, tukaswali swala ya msafiri.

Tuliporudi ndipo lilipoletwa jambo tuliloitiwa: mabadiliko ya katiba ya chama. Msomaji alisoma vichwa vya vifungu tu, tena kwa haraka. Mwenyekiti akauliza, "Wanaoafiki?" Ukumbi ukanguruma, mikono ikapanda, na wetu ukiwamo.

Mama aliyeketi kando yetu, muuza mahamri ambaye watoto wake twawasomesha madrasani, hakuinua wake. Alituinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Maalim, tumekubali nini?"

Hatukuwa na jibu. Kila siku twawafundisha watoto kwamba ushahidi ni amana. Na mjumbe ni nani, kama si shahidi na wakili wa waliomtuma?

Mama yule alisimama akaomba nakala. Akaambiwa zitaletwa baadaye. Kikao kilipofungwa alikwenda mwenyewe hadi jukwaani, akaipata moja. Wakati huo sisi tulikuwa katika foleni, tukitia sahihi na kupokea bahasha ya nauli. Kumlipia mjumbe nauli si haramu. Lakini bahasha ile ilizidi nauli, nasi tulijua. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Hatudai kujua nia ya waliotoa. Twasema tu kwamba mkono ulioinuka bila kusoma, kisha ukapokea, hauna cha kujitetea.

Usiku, ndani ya basi, mama alisoma kwa mwanga wa simu. Kifungu kimoja kiliipa kamati ya juu uwezo wa kuteua mgombea wa wadi bila ya wanachama kupiga kura. Haki ya wale waliotutuma tulikuwa tumeitoa sisi wenyewe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Alasiri, tuliwakusanya wanachama tukawaeleza yote. Mzee mmoja akatwambia, "Sheikh, wewe ndiye tuliyekutegemea usome." Neno hilo lingali latuuma.

Wazee wa Mombasa wakumbuka mwaka wa 1992, Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kiliponyimwa usajili. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 91, yakataza chama kuasisiwa juu ya msingi wa dini. Basi Muislamu atakaye kushiriki ataingia katika vyama vya watu wote. Lakini ibara iyo hiyo yakilazimu kila chama kufuata demokrasia ndani yake, kuheshimu haki ya kila mtu kushiriki, wakiwamo wachache na waliotengwa, na kutojihusisha na hongo. Haki hizi hazitajilinda zenyewe ukumbini. Zahitaji mtu wa kusimama na kuuliza.

Na wako wasemao kuuliza hadharani si kazi ya mwanamke. Tuwakumbushe Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa baada ya mkataba, ni Bi Ummu Salama (R.A.) aliyempa Mtume (S.A.W.) shauri: atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe yeye kwanza. Akalifuata, na watu wakamfuata. Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, na ndani yake waumini wasifiwa kwa kushauriana katika mambo yao. Kushauriana hakuwezekani kwa mtu asiyejua anashauriwa nini.

Kilichozidi nauli tumekirudisha pamoja na barua. Wanachama nao wameandika barua ya pili, kupinga kifungu kile. Chama kisipowasikiliza, sheria ya mwaka 2011 imeweka jopo la kutatua mizozo ya vyama vya siasa, na huko wataelekea.

Kwenu akina mama, na mabinti mlio na vitambulisho vipya: mkitumwa, ombeni karatasi kabla ya siku ya safari. Msiposomewa kifungu chote, msiinue mkono. Kuuliza si ujinga. Mwaka ujao wadi imemchagua mama wa mahamri kuongoza wajumbe, nasi tumeombwa tumfuate. Tumekubali, na safari hii twajua tulichokikubali.

Wabillahi tawfiq.