Sumaku Iliyotulia Haizalishi Umeme
Wanafunzi wengi huufikia mtihani wa fizikia wakiwa wamekariri kanuni zote za umeme na sumaku, lakini hukwama katika swali linaloonekana jepesi: sumaku yenye nguvu ikiachwa bila kusogezwa ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, galvanomita inayopima mikondo midogo ya umeme itaonyesha nini? Itaonyesha sifuri, hata sumaku hiyo iwe kubwa kiasi gani.

Wanasayansi wenyewe walihitaji zaidi ya muongo mmoja kulielewa jambo hilo. Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alionyesha huko Copenhagen kuwa waya unaopitisha mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira iliyo karibu nao, na tangu hapo wengi wakatarajia kuwa sumaku nayo ingeweza kuzalisha umeme. Tarehe 29 Agosti 1831, Michael Faraday, akiwa London, alitumia pete ya chuma iliyozungushiwa koili mbili, moja akaiunganisha na betri na ya pili akaipitisha karibu na sindano ya sumaku. Sindano ilitikisika pale tu betri ilipounganishwa na ilipotenganishwa. Mkondo ulipopita bila kubadilika, sindano ilirudi mahali pake ikatulia. Utulivu huo ulikuwa na thamani sawa na mtikisiko, kwa sababu ulidhihirisha kuwa umeme hutokana na badiliko.

Uga sumaku ni eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisiwa, na kiasi cha uga kinachopenya koili huitwa flaksi, ambayo hupimwa kwa weba. Volti zinazozalishwa hutegemea kasi ya kubadilika kwa flaksi, ikizidishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya. Koili ya mizunguko 200, ambayo flaksi katika kila mzunguko inashuka kutoka weba 0.003 hadi sifuri kwa sekunde 0.1, hutoa volti 6. Badiliko hilohilo likichukua sekunde nzima, hutoa volti 0.6 tu.

Alama ya kutoa iliyomo katika kanuni hiyo inapoandikwa kihesabu, ambayo wengi huiacha kana kwamba ni pambo, hubeba sheria aliyoieleza Heinrich Lenz mwaka 1834: mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililouzalisha. Ncha ya kaskazini ya sumaku ikisogezwa kuelekea koili, upande wa koili ulio karibu nayo nao huwa ncha ya kaskazini na kuisukuma nyuma. Kama upande huo ungeivuta, sumaku ingezidi kwenda kasi na umeme ungepatikana bila kazi yoyote kufanyika, jambo ambalo sheria ya uhifadhi wa nishati hailiruhusu. Kazi hiyo lazima ifanywe na kitu fulani, na katika kituo cha umeme cha Kidatu hufanywa na maji ya Mto Ruaha Mkuu yanayozungusha mitambo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kanuni yoyote, mwanafunzi atafute kwanza kinachobadilika. Transfoma yenye mizunguko 1000 upande wa kuingizia umeme na 50 upande wa kutolea hushusha volti 230 za mkondo geu, yaani mkondo unaobadilika kila wakati, hadi 11.5. Transfoma hiyohiyo ikiunganishwa na betri, ambayo mkondo wake haubadiliki, haitoi kitu baada ya mtikisiko mfupi wa mwanzo.