Shule Ipi ni Nzuri?

Mtoto akichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, serikali humpangia shule. Mzazi anaweza kumwombea uhamisho. Lakini ahamie wapi?

Wengi wetu huuliza, "Mtihani wa kidato cha nne wamefaulu wangapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Uliza pia, "Walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi?"

Tufanye hesabu. Shule mbili zilianza na wanafunzi 100 kila moja. Katika shule ya kwanza, 40 walifanya mtihani, wakafaulu 36. Katika shule ya pili, 90 walifanya mtihani, wakafaulu 70.

Shule ya kwanza inasifiwa. Je, wale 60 wako wapi? Nenda ukamwulize mkuu wa shule. Mwanao asije akawa mmoja wao.