Aliyefikisha habari kisha akanyamaza: Je, kocha Paterno alistahiki kuuzuliwa?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo tutazame kisa kilichotokea mbali nasi, nchini Marekani, tena katika uwanja wa michezo ambao si kawaida ya ukurasa huu kuuzungumzia. Wahenga wametuusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kisa hiki kina swali linalomhusu kila aliyekabidhiwa watoto wa watu: mwalimu, imamu, mjumbe wa kamati ya msikiti na mzazi nyumbani kwake.

Kisa chenyewe

Joe Paterno aliingia Chuo Kikuu cha Penn State, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1950 akiwa kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 1966 alifanywa kocha mkuu, akabaki katika nafasi hiyo kwa misimu 46. Timu yake ilishinda michezo 409 na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982 na 1986. Alisifiwa kwa kuwahimiza wachezaji wake wasome, naye na mkewe walikichangia chuo mamilioni ya dola. Jina lake lilitiwa katika maktaba ya chuo, na sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja.

Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwako Jerry Sandusky, aliyestaafu mwaka 1999. Mtu huyu alianzisha mwaka 1977 taasisi ya hisani ya kuwasaidia watoto wenye maisha magumu, na kwa njia hiyo akawapata watoto aliowadhalilisha. Hata baada ya kustaafu aliruhusiwa kuingia katika majengo ya michezo ya chuo.

Mwezi Februari 2001, kocha msaidizi kijana alimkuta Sandusky usiku bafuni na mtoto wa kiume, katika hali asiyoweza kuifumbia macho. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Paterno kumweleza. Paterno akawafikishia habari mkurugenzi wa michezo na mkuu mwingine wa chuo. Wakubwa hao hawakwenda polisi. Waliamua tu kumwambia Sandusky asilete tena watoto katika majengo ya chuo. Paterno hakufuatilia kwa namna yoyote iliyozaa tunda, na miaka 10 ikapita. Katika miaka hiyo watoto wengine waliangamizwa.

Pazia lilifunguliwa na kijana mmoja na mama yake, watu wasio na cheo wala sanamu, waliotoa taarifa shuleni kwake mwaka 2008. Sandusky alikamatwa tarehe 5 Novemba 2011. Siku nne baadaye Paterno, akiwa na umri wa miaka 84, alitangaza kwamba angestaafu msimu ukimalizika, na akakiri kuwa alitamani angefanya zaidi. Usiku huohuo bodi ya wadhamini ilimwachisha kazi kwa simu, na rais wa chuo naye akaondolewa. Maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani kumtetea kocha wao, wakapindua gari la kituo cha televisheni. Paterno alifariki dunia Januari 2012 kwa saratani ya mapafu. Mwezi Juni mwaka huo Sandusky alitiwa hatiani kwa makosa 45 yaliyohusu watoto 10, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60.

Je, bodi ilifanya haki? Waliomtetea kocha walikuwa na hoja, na si uadilifu kuzipuuza. Tuzipime moja baada ya nyingine katika mizani ya dini yetu.

Hoja ya kwanza: Alitekeleza wajibu wa kisheria

Ni kweli kwamba waendesha mashitaka hawakumshitaki Paterno. Sheria ya jimbo lake wakati ule ilimtaka mfanyakazi wa taasisi amjulishe mkubwa wake, naye aliwajulisha. Bodi yenyewe, ilipoeleza uamuzi wake Machi 2012, haikudai kwamba alivunja sheria. Ilisema kwamba kutosheka na kiwango cha chini cha sheria bila ya kuzidisha kulikuwa ni kushindwa katika uongozi.

Uislamu unaligusa hasa jambo hili. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchungaji akimwona mbwa mwitu zizini, haulizwi kama alimwambia mwenye nyumba; anaulizwa kama kondoo wamesalimika. Tena katika hadithi ya Abu Said al-Khudri aliyoipokea Muslim tumefunzwa kuuondoa uovu kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo. Kila mtu huhesabiwa kwa kadiri ya uwezo wake. Kocha kijana aliyekuwa na ulimi tu si sawa na mzee ambaye neno lake moja lingetikisa chuo kizima. Paterno alikuwa na mkono, lakini akatumia ulimi mara moja, kisha akanyamaza.

Hoja ya pili: Wema wake wa miaka mingi

Wanafunzi waliopindua gari hawakuwa wakitetea dhulma. Walikuwa wakimtetea mtu waliyempenda, na mapenzi huweza kuyafumba macho. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa (4:135) tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu, awe mhusika tajiri au masikini.

Aidha, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) kisa cha mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyeiba, na Maquraishi wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, amwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akabainisha kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu walimwacha na akiiba mnyonge walimwadhibu, na akaapa kwamba lau angekuwa ni Fatima binti yake, hukumu ingepita. Basi ikiwa nasaba ya Fatima haizuii haki, ushindi wa michezo 409 utaizuiaje?

Hoja ya tatu: Kusitiri aibu

Hoja hii ndiyo inayosikika zaidi katika majumba yetu. Huambiwa: Uislamu umetuhimiza kusitiriana, na anayemsitiri Muislamu Mwenyezi Mungu humsitiri. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Muslim. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho, ameeleza kwamba sitara inayohimizwa ni kwa mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, aliyeteleza na jambo likapita. Ama mwenye kujulikana kwa ufisadi, habari zake hupelekwa kwa wenye mamlaka, kwani kumsitiri humpa tamaa ya kuzidisha. Na uovu unaoendelea ni wajibu kuuzuia.

Wengine huleta sharti la mashahidi wanne lililotajwa katika Suratun-Nur (24:4). Sharti hilo limewekwa kuzihifadhi heshima za watu zisichezewe kwa tuhuma za zinaa. Halikuwekwa ili mtoto anayelia asisikilizwe. Kumweka mtu mbali na watoto na kuwafikishia habari wanaohusika na upelelezi si kumhukumu. Ni kumkinga mtoto mpaka ukweli udhihirike. Wala hatumwonei tuhuma mtu yeyote, kwani Suratul-Hujurat (49:6) imetuamrisha kuihakiki habari. Lakini kuhakiki ni kuiendea habari, si kuizika.

Mfano wa Sayyidna Umar

Swali la kuuzuliwa lenyewe lina jawabu katika historia yetu. Bukhari amepokea kwamba watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.), kwa Khalifa Umar (R.A.). Saad alikuwa miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Umar alimuuzulu, akamweka Ammar mahali pake, akamwita na kumsikiliza, kisha akatuma watu Kufa waulize msikiti hadi msikiti. Walimsifu, isipokuwa mtu mmoja aliyemzulia. Umar alipojeruhiwa na kukaribia kufa alimtaja Saad miongoni mwa sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, akasema wazi kwamba hakumuuzulu kwa udhaifu wala khiana.

Vilevile wanahistoria wamepokea kwamba alipomuuzulu Khalid bin al-Walid (R.A.), kamanda aliyezoea ushindi, alieleza kuwa watu walikuwa wamefitinika naye, naye alitaka wajue kwamba Mwenye kuleta nusura ni Allah.

Tunajifunza hapa mambo mawili. Kwanza, uongozi ni amana wala si milki ya mtu, hivyo kuondolewa si sawa na kutiwa hatiani. Ikiwa Saad, ambaye hakuwa na kosa, aliondolewa kwa maslahi ya umma, vipi aondoke kwa lawama mtu aliyekiri mwenyewe kuwa alitamani angefanya zaidi? Pili, jamii ikimtukuza mtu mpaka ikawa vigumu kumuuliza, kumwondoa ni rehema kwake na kwao.

Kwa hiyo, kwa mtazamo wangu, bodi ilikuwa na haki kumwondoa. Hata hivyo, namna ilivyofanya ilipungukiwa na adabu. Sayyidna Ali (R.A.) alipotumwa Yemen, Mtume (S.A.W.) alimfunza asimhukumu mmoja wa wagomvi kabla ya kumsikia mwingine. Mzee aliyetumikia miaka 61 alistahiki kuitwa, akaketi, akasikilizwa na kuambiwa ana kwa ana, kama Umar alivyomsikiliza Saad. Isitoshe, kulikuwa na waliobeba dhamana kubwa zaidi. Wakuu wawili waliopelekewa habari walikiri mahakamani mwaka 2017 kosa la kuhatarisha ustawi wa mtoto, na rais wao wa chuo akatiwa hatiani mwaka huohuo. Kumfukuza kocha mmoja na kuuacha mlango wazi kusingekuwa uadilifu. Na jimbo la Pennsylvania lilijifunza: tangu mwisho wa mwaka 2014 sheria yake inamtaka aliyeona dalili atoe taarifa moja kwa moja kwa wanaohusika, asitosheke na kumwambia mkubwa wake.

Tujihesabu wenyewe

Ndugu zangu, nitasema jambo ambalo si jepesi kwangu. Miaka mingi iliyopita mzazi mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri, akaniambia kwamba mwanawe hataki tena kwenda madrasa kwa sababu ya ustadhi mmoja. Haya ilimzuia kusema zaidi, nami sikumuuliza. Nilimfikishia habari mzee aliyesimamia madrasa ile, akaniahidi kwamba atalitazama. Nikarejea nyumbani na utulivu wa mtu aliyemaliza wajibu wake. Baada ya miezi michache nilisikia kwamba ustadhi amehamia mji mwingine na anasomesha huko. Sikuuliza amehama kwa nini, wala sikuwatahadharisha wa huko. Mtoto yule leo ni mtu mzima. Tukikutana hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba, na hadi leo sijapata ujasiri wa kumuuliza alifanyiwa nini. Nilipokisoma kisa cha Paterno sikumwona Mmarekani, nilijiona mwenyewe.

Hivyo basi, yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu. Kamati za madrasa zisimwajiri mwalimu kutoka mji mwingine bila ya kuwauliza aliowasomesha kabla. Mwalimu asikae peke yake na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa, na tusione kanuni hiyo kuwa tusi kwa walimu wema, kwani inawakinga hata wao dhidi ya kuzuliwa. Mzazi amsikilize mwanawe anapokataa kwenda mahali alipokuwa akipapenda, kabla ya kushika fimbo. Na habari ikifika, isiishie kwa mzee wa mtaa. Hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwajibisha kila mwanajamii mwenye habari za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na ipo namba 116 ya kupigia simu kwa ajili ya watoto. Wala tusimalize mambo haya kwa suluhu na fidia baina ya familia, huku mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Suratul-Baqarah (2:283) imetutahadharisha kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake huwa umeingia dhambini. Siku ya Kiyama hatutaulizwa ni nani tuliyemwambia tu. Tutaulizwa pia kama tulirudi kumtazama mtoto.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awaponye waliodhulumiwa, atusamehe tulionyamaza na atupe nguvu ya kusimamia haki japo juu ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.