Je, Wajua? GPS ya Mkononi Haihitaji Mtandao wa Simu

Kifaa cha GPS hupokea ishara za satelaiti zinazozunguka dunia umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kikizipata nne, kinakokotoa mahali ulipo pamoja na mwinuko wake, na hakuna bando wala malipo.

GPS haikuwa sahihi kama ilivyo leo tangu mwanzo. Hadi Mei 2000 Marekani iliivuruga kwa makusudi ishara ya raia, hivyo kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Leo ni mita chache tu, ingawa msitu mnene huongeza kosa.

Kwa anayetoka Lupepo, karibu na Tukuyu, kwenda kupanda Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960, cha kuulizia kwanza anaponunua kifaa ni uwezo wa kuhimili mvua, maana eneo hili ni miongoni mwa yanayonyeshewa sana Tanzania. Alama ya IPX7 ina maana kifaa huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. La pili ni betri. Garmin eTrex 10, kwa mfano, hutumia mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Skrini ya rangi? Anasa.

Mtego upo kwenye ramani. Zile za zamani za Tanzania za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa marejeo (datum) wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Tofauti kati ya mifumo hiyo hufikia mita 300 hivi, zinazotosha kukuweka upande mwingine wa bonde. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio uhakikishe Arc 1960 imo.