Kuishi Bila Hati: Maswali Manne ya Kujiuliza Kabla ya Kumlipa Mtu

Mwanga, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vina watu ambao lugha na koo zao hazikomei mpakani. Kiha na Kirundi hukaribiana, na familia nyingi za Ujiji zina asili ya Kongo. Hivyo mtu anaweza kuulizwa hati akakosa jibu, ingawa haki anayo. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa vishoka wanaouza vyeti vya kughushi. Tunashauri wewe na mwakilishi wako mpitie maswali haya kwa mfuatano.

1. Je, tayari wewe ni raia? Tunaanza hapa kwa sababu raia anayekiri ugeni kwa woga hujifungia mlango mwenyewe. Aliyezaliwa nchini na mzazi raia ni raia wa kuzaliwa. Aliyezaliwa nje na mzazi raia anaweza kuwa raia wa kurithi. Kwa wazee, tazama tarehe 9 Desemba 1961: mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku hiyo aliupata uraia endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kusanya vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya shule, pamoja na majina ya wazee wanaoujua ukoo wako.

2. Je, ulikimbia hatari? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, kwa ofisa mhusika au mtendaji wa kijiji aliye karibu. Ikiwa siku zimepita, usijifiche. Tafuta ushauri wa kisheria mapema.

3. Je, unaweza kuomba tajnisi? Mwombaji huonyesha kwamba ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na jumla ya miaka isiyopungua saba katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo. Mke mgeni wa raia naye anaweza kuomba, lakini ndoa peke yake haimpi uraia. Warundi wengi walioingia mwaka 1972 walipewa tajnisi. Kama mzazi wako ni mmoja wao, kitafute cheti chake.

4. Je, unahitaji kibali cha ukaazi? Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C ni la wanafunzi, watafiti na wengineo.

Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila malipo. Ulizia katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandalia maelezo, ila mahakamani huwakilishwa na wakili.

Ada ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi hutolewa. Anayedai fedha mkononi na kukuahidi cheti kesho, mkatae. Cheti cha kughushi kinaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa.