Spika ndefu za bei nafuu: kagua ukingo kabla ya kulipa
Mimi ni mtu wa pwani, kazi ndiyo iliyonileta Magadi. Ili nisikose taarabu, nilinunua spika mbili za mtumba, zile ndefu za kusimama sakafuni. Sanduku lake kubwa hutoa besi nzito. Lakini baada ya miezi mitatu zikaanza kukwaruza. Fundi wa Kitengela akanionyesha: ukingo wa sponji unaozunguka koni umeoza. Sponji huchakaa kwa umri, na joto huiharakisha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi.

Basi msomaji, kabla ya kutoa pesa, vua kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo taratibu kwa kidole. Ukimeguka, ziache. Na nyumbani usizibane kwenye kona: kuta huzidisha besi, maneno ya mwimbaji yakamezwa.