Mchungwa Mgonjwa Huanzia Kitaluni

Tangu nyanda za malisho za Kitengela zianze kugawanywa kuwa viwanja vya makazi, kila mwenye kipande cha ardhi hutamani kivuli na matunda yake mwenyewe. Kando ya barabara ya Namanga, miche ya michungwa na milimau hupangwa katika vifuko vyeusi ikimngoja mnunuzi. Hiyo ni biashara halali na yenye manufaa. Lakini ni wanunuzi wangapi huuliza kikonyo kilichounganishwa kwenye mche huo kilikatwa katika mti gani?

Swali hilo si dogo. Michungwa ya nyanda za juu za Kenya inasumbuliwa na ugonjwa wa ukijani, unaoletwa na bakteria wanaoishi ndani ya mirija ya kusafirisha chakula cha mti. Majani hupata mabaka ya manjano. Matunda hudumaa, huenda upande, hubaki kijani na kuwa machungu. Dawa ya kuuponya mti haijapatikana hadi leo.

Ugonjwa huu huenea kwa njia mbili: kwa vikonyo vya mti mgonjwa, na kwa mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa majani machanga. Mdudu huyo hupenda ubaridi, na Kitengela, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yamfaa. Mwaka 2016 mdudu mwingine, mwenye asili ya Asia na astahimiliye joto, aligunduliwa Kwale. Basi hata nyanda za chini za Kajiado, kuelekea Magadi, zisijidhanie kuwa salama.

Anayedhani haya ni vitisho na atazame jimbo la Florida, Marekani, ambako ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 2005. Msimu wa 2003-04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023-24 hayakufika milioni 20. Vimbunga vilichangia hasara hiyo, lakini ugonjwa ndio uliodhoofisha mashamba.

Mkulima aliyethibitishiwa na afisa wa kilimo kuwa mti wake umeambukizwa hana budi kuung'oa, hata kama roho yamuuma. Hata hivyo, juhudi za mtu mmoja hazitoshi, kwa kuwa mdudu hajui ua wala hatimiliki. Serikali ya Kaunti ya Kajiado, pamoja na KEPHIS, shirika lililoundwa mwaka 1996 kulinda afya ya mimea, yafaa zikague vitalu vya kando ya barabara mara kwa mara, na kuhakikisha miti ya kukatwa vikonyo imepimwa na kukingwa kwa wavu.

Wauzaji watalalamika kwamba miche safi itapanda bei. Ni kweli. Lakini mche mgonjwa huweza kuonekana mzima siku ya kununuliwa, ukamla mwenyewe maji, mbolea na miaka kadhaa ya subira, kisha ukamzalia uchungu. Wahenga hawakukosea waliposema: rahisi ghali.